Duka la vipuri Kirinyaga Road: tulivyochagua maktaba ya kiolesura

Duka lenyewe huuza vipuri vya magari kwa jumla na rejareja katika barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ile ambayo wazee wa jiji bado huiita Grogan. Lina kaunta nne mbele, meza ya mhasibu nyuma, na stoo kubwa Industrial Area. Kwa miaka mingi shughuli zote zimeendeshwa kwa programu moja iliyoandikwa kwa Visual Basic 6, na data yote imo katika faili moja ya Access (hifadhidata ya Microsoft) iliyo kwenye kompyuta ya mhasibu. Aliyeiandika alihamia ng'ambo zamani na hakuacha msimbo. Hata hivyo programu inafunguka kila asubuhi, inauza, na makarani wameizoea kiasi cha kuiendesha huku wakiongea na mteja. Tulipoitwa sisi waandishi wa programu, hakuna aliyekuwa akilalamika kuwa ni mbaya au imepitwa na wakati.

Kilichowasukuma ni mambo mawili. La kwanza ni eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, ukiondoa chache zilizosamehewa, haikubaliwi na KRA mfanyabiashara anapokokotoa kodi yake ya mapato. Basi wenye gereji na wenye magari ya usafirishaji hawataki tena risiti tupu. Wanataka ankara iliyopitia KRA, na wanaitaka papo hapo, kabla hawajabeba mzigo. Programu ya zamani haina njia ya kuituma. La pili ni ile faili ya Access. Haiwezi kuzidi gigabaiti 2, na kwa kuwa kompyuta zote huifungua kwa pamoja kupitia mtandao wa duka, stima ikipotea mtu akiwa katikati ya kuhifadhi, faili huharibika. Jioni hiyo mhasibu hulala kazini akiirekebisha.

Kwa hiyo palihitajika programu mpya ya kompyuta za kaunta. Hifadhidata haikutuumiza kichwa: tulikubaliana mapema kuwa itakuwa PostgreSQL, kwenye mashine moja yenye UPS, na kaunta ziulize huko. Ubishi ulikuwa juu ya madirisha: tutajenga vitufe, majedwali na fomu kwa kutumia maktaba gani ya kiolesura, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa wa kuchora madirisha?

Mjadala wa aina hii mara nyingi huanzia pasipofaa. Watu huanza kwa kulinganisha sura, au kwa kuuliza ni ipi inayovuma mwaka huu. Mimi nasema maktaba ya kiolesura huchaguliwa ukiwa umesimama kaunta. Tazama mashine dhaifu kuliko zote itakayoiendesha, tazama mikono ya anayeitumia kutwa, kisha jiulize ni nani atakayepigiwa simu kuitengeneza miaka kadhaa baadaye. Ukishapata majibu hayo, nusu ya orodha yako inajifuta yenyewe.

Mikono kwanza. Karani wa kaunta ya pili ni mama ambaye ameuza vipuri tangu kabla ya M-Pesa kuanza. Mteja akisema, "Mama, nipe padi za breki za Probox, za mbele," yeye hubonyeza F3, huandika herufi nne tano, hushuka kwa mshale mara mbili, Enter, idadi, Enter, F9. Risiti inatoka kabla mteja hajamaliza kuhesabu pesa. Hatazami kibodi, na skrini huitazama kidogo tu. Kipanya cha kompyuta yake kimening'inia nyuma ya skrini, kimejaa vumbi. Nilipomuuliza angependa programu mpya iweje, alinijibu, "Mwanangu, usiniondolee vitufe vyangu. Hayo mengine pangeni mnavyotaka." Kwangu hilo lilikuwa agizo la kazi lililokamilika kuliko hati yoyote ya mahitaji tuliyoandikiana na mwenye duka.

Kisha mashine. Kaunta nne na meza ya mhasibu zina kompyuta za mitumba kutoka Uingereza, za aina ambayo utaipata katika maduka mengi ya Moi Avenue: prosesa ya i5 ya kizazi cha nne, RAM ya gigabaiti 4, Windows 10. Mbili za stoo ni za zamani zaidi, i3 za kizazi cha pili, na bado ziko kwenye Windows 7. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ukaisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel Core, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Maana yake ni kwamba hakuna hata moja kati ya kompyuta za duka inayoweza kupanda rasmi. Ama zinunuliwe nyingine zote, ama siku moja zihamie Linux. Mwenye duka hakuwa amekata shauri, na sikuona haki ya programu yetu kumkatia shauri hilo. Hapo ndipo uchaguzi wote ulipoegemea.

Yeye mwenyewe alitoa pendekezo la kwanza: "Kwa nini msiweke kila kitu ndani ya kivinjari, kama benki?" Lilistahili jibu la maana, kwa sababu kwa maduka mengi ndilo jibu sahihi. Huhitaji kusakinisha chochote kaunta. Ukirekebisha upande wa seva, wote wamepata. Tatizo ni kwamba kivinjari kina vitufe vyake. F3 na F5 ukurasa unaweza kuvinyakua, lakini Ctrl+W katika Chrome huwezi kuizuia, na karani aliyezoea kubonyeza bila kutazama atafunga mauzo yaliyo nusu. Kuchapisha risiti bila kidirisha cha kuuliza "printa ipi?" kunawezekana, ila kwa kuzunguka: unaiwasha Chrome kwa amri maalumu, au unaweka kijiprogramu cha pembeni. Ukifika hapo umeshasakinisha kitu kaunta, na ile faida ya kwanza imekutoka.

Kijana wetu wa JavaScript alikuja na Electron, na alikuja amejiandaa. Electron ilianzia GitHub mwaka 2013, wakati huo ikiitwa Atom Shell, kwa ajili ya kihariri cha Atom. Leo VS Code, Slack na Discord zimejengwa juu yake. Unaandika HTML na JavaScript, na programu yako inabeba ndani yake Chromium (kiini cha kivinjari cha Chrome) na Node.js (inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari). Vitufe vyote ni vyako, printa unaifikia, na mtu wa kuiandika Nairobi humkosi. Aliandaa mfano wa dirisha la mauzo haraka sana, na ulikuwa unapendeza kweli.

Kwenye kipakatalishi chake uliruka. Tulipouweka kaunta, Chrome ya karani ikiwa wazi, antivirasi ikizunguka, na huduma ya eTIMS ikiwaka nyuma yake, taa ya diski haikuzimika. RAM ilikuwa imejaa na Windows ilikuwa ikihamishia mambo kwenye diski. Kila dirisha jipya lilikuja kwa kusitasita. Hilo si kosa la aliyeandika. Kila programu ya Electron ni kivinjari kizima kilichogawanyika katika michakato kadhaa, na gharama hiyo unailipa hata kama dirisha lako lina kitufe kimoja. Kwenye mashine ya gigabaiti 16 hutaihisi. Kwenye gigabaiti 4, unamnyang'anya karani kompyuta yake. Isitoshe, tangu toleo la 23 lililotoka mwaka 2023, Electron haiendeshwi tena kwenye Windows 7 wala 8.

Tauri tuliitazama kwa sababu inatatua sehemu ya mzigo huo: haibebi kivinjari, inatumia kile kilichomo tayari kwenye mfumo, WebView2 kwa Windows na WebKitGTK kwa Linux. Toleo lake la 1.0 lilitoka Juni 2022. Lakini sehemu ya ndani huandikwa kwa Rust, lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeimudu, na injini ya kuchora ukurasa ni tofauti katika kila mfumo. Sikutaka kujifunza mambo mawili kwa pesa za mteja.

Zipo nyingine zisizotuchukua muda. Tkinter huja pamoja na Python, na Tk yenyewe, kazi ya John Ousterhout wa Berkeley, ipo tangu 1991. Kwa kijidirisha cha mipangilio inatosha, ila jedwali lake halihaririki moja kwa moja, na jedwali ndilo moyo wa duka. GTK ilizaliwa ili kuchora madirisha ya GIMP, programu ya kuhariri picha, na kwenye Linux iko nyumbani, lakini kwenye Windows ni mgeni. JavaFX iliondolewa ndani ya JDK, kifurushi rasmi cha Java, mwaka 2018 kuanzia Java 11, na tangu hapo unaifungasha mwenyewe. Swing, ndugu yake mkubwa, ingali ndani, inafanya kazi, na nina heshima nayo. Ila hakuna kati yetu aliyetaka kuanza mradi mpya nayo. wxWidgets, iliyoanzishwa na Julian Smart katika Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1992, ilikuwa na hoja nzuri, kwani hutumia vitufe halisi vya mfumo wenyewe. Tungeichukua kama ile tuliyoichagua isingekuwapo.

Mbili zilizotupa shida ni WinForms na Lazarus.

WinForms ya Microsoft ina umri wa .NET yenyewe, jukwaa lake la kuandikia programu, yaani tangu 2002, na kwa kazi ya kaunta bado ni chombo cha ajabu. Inafunguka upesi, inatumia kumbukumbu kidogo, mpangilio wa Tab na vitufe vya F unautawala bila taabu. Ukiandika kwa .NET Framework 4.8, inaendeshwa kuanzia Windows 7 yenye SP1 hadi Windows 11. Microsoft imeleta maktaba nyingine, WPF mwaka 2006, UWP mwaka 2015, WinUI 3 mwaka 2021 na MAUI mwaka 2022, na WinForms imezishuhudia zote zikipita mlangoni. Ingekuwa duka hili limeapa kubaki Windows, ningeichagua na makala haya yangekuwa mafupi. Lakini haiendi Linux, na MAUI pia Microsoft haikuipeleka huko. Kumchagulia mzee WinForms ni kumwambia anunue kompyuta saba siku yoyote Microsoft itakapoamua.

Lazarus ndiyo iliyonikosesha usingizi. Ni mazingira huria ya kuandikia programu kwa lugha ya Pascal (Free Pascal) yanayofuata nyayo za Delphi, ile ya Borland ya mwaka 1995. Unaburuta vitufe kwenye fomu, unabonyeza, unapata faili moja ya .exe isiyodai kitu kingine chochote. Kwenye Windows inatumia vidhibiti vya Windows yenyewe. Kwenye Linux inatumia GTK au Qt. Mashine za stoo, zile za Windows 7, zingeiendesha bila kutoa jasho. Leseni ya maktaba yake inakuruhusu kuuza programu bila kufungua msimbo wako. Kwa vigezo vya mikono na mashine, Lazarus ilishinda, na nilisema hivyo mbele ya wenzangu.

Iliyoiangusha ni kigezo cha tatu. Vijana wanaotoka vyuoni mwetu wanajua Java, Python, JavaScript. Pascal wengi wanaisikia kama historia. Duka hili limeshaachwa yatima mara moja na lugha iliyostaafu. Siwezi kumpa mzee programu nzuri ambayo mimi nikigongwa na matatu kesho, itabidi atafute fundi wake kwa tochi.

Basi tukafika kwa Qt. Dada yetu wa Python ndiye aliyeitetea tangu mwanzo, na hoja yake ilikuwa fupi: msimbo uleule unaendeshwa Windows na Linux, na Python ataipata fundi yeyote. Qt ilianza mwaka 1991 mikononi mwa Wanorwe wawili, Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng, na ikatolewa kwa umma mara ya kwanza mwaka 1995. Kampuni yao, Trolltech, ilinunuliwa na Nokia mwaka 2008. Mwaka 2012 Digia ikaichukua kutoka kwa Nokia, na leo iko chini ya The Qt Company. Mtu anaweza kuiogopa maktaba iliyobadilisha wenyewe hivyo. Mimi historia hiyo ilinituliza. Mikono yote hiyo imepita na Qt haikufa, na sababu mojawapo ni makubaliano ya 1998 kati ya Trolltech na watu wa KDE (mradi huria wa madirisha ya Linux uliojengwa juu ya Qt), yaliyounda taasisi ya KDE Free Qt: wenye Qt wakiacha kutoa toleo huria, taasisi hiyo ina haki ya kuitoa chini ya leseni iliyo huru zaidi. Ni maktaba chache za kiolesura zenye dhamana iliyoandikwa namna hiyo.

Suala la leseni linahitaji kusimamiwa, maana hapa ndipo wengi hupigwa chenga. Kuitumia Qt kutoka Python kuna njia mbili zinazofanana kama mapacha. PyQt ya Riverbank Computing ina leseni ya GPL, inayokudai umpe mteja msimbo wako, au ulipie ya kibiashara. PySide, inayotolewa na wenye Qt wenyewe, ina LGPL, iliyo nyepesi zaidi. Msimbo wa moja ukiupeleka kwa nyingine utabadilisha majina machache tu, kama pyqtSignal kuwa Signal. Lakini ukimpa mteja programu ambayo msimbo wake umeuficha ukitumia PyQt bila kulipia, umevunja leseni. Kwa PySide unaruhusiwa kuuficha msimbo wako, mradi uambatanishe maandishi ya leseni, useme wazi kuwa unatumia Qt, na usimzuie mtumiaji kubadilisha faili za Qt kwa nyingine akitaka. Tulichukua PySide6. Ukiona mafunzo mtandaoni yanaanza na PyQt, yafuate kwa ajili ya kujifunza, ila kabla ya kumtoza mtu pesa, soma leseni.

Ndani ya Qt pia kuna uchaguzi: Widgets za tangu zamani, au QML inayopendeza zaidi na yenye michoro inayotembea. QML hutegemea kadi ya michoro, na madereva ya kadi katika kompyuta za mitumba ni bahati nasibu. Widgets huchorwa na prosesa yenyewe. Tulichukua Widgets bila mjadala mrefu.

Ikabaki Windows 7. Qt 6 haiikubali. Ingewezekana kurudi Qt 5.15 na PySide2, pamoja na Python 3.8, ambayo ndiyo ya mwisho kuitambua Windows 7. Nilikataa. Hiyo ni kuifunga programu mpya kwenye vitu vitatu vilivyostaafu kwa sababu ya kompyuta mbili. Nilikwenda kwa mwenye duka na kumweleza hivi: "Mzee, zile mbili za stoo tuziweke Linux. Watu wa stoo hawafungui kitu kingine ila programu hii." Akauliza kama itamgharimu leseni. Haikumgharimu. Tuliweka Linux Mint yenye Xfce, mandhari nyepesi ya madirisha, programu ikafunguka vilevile, na watu wa stoo walitambua mabadiliko kwa sababu picha ya mandharinyuma haikuwa ile ya zamani.

Sasa kazi yenyewe, maana maktaba haikuandikii programu, na Qt ina mitego yake.

Mtego wa kwanza ni wa skana ya bakodi. Skana za USB za kawaida kompyuta huziona kama kibodi: hupiga tarakimu za bakodi, kisha hubonyeza Enter. Katika Qt, kitufe chochote unachokiweka ndani ya QDialog (dirisha la fomu) huwa tayari kuitikia Enter, hata kama mshale wa kuandikia uko kwenye kisanduku kingine. Kwa hiyo karani anaskani boksi la plagi, Enter inafika, na kitufe cha "Maliza mauzo" kinajibonyeza chenyewe. Katika jaribio la kwanza, mauzo ya kipuri kimoja yalifungwa wakati mteja alikuwa na vitano mkononi. Dawa ni mstari mmoja kwa kila kitufe, setAutoDefault(False), kisha kusikiliza Enter kutoka kwenye kisanduku cha bakodi pekee. Ni jambo dogo, lakini usipolijua utailaumu skana, utailaumu nyaya, hatimaye utamlaumu karani.

Wa pili ni jedwali. Orodha ya duka ina vipuri kama elfu thelathini. QTableWidget inavutia kwa urahisi wake: unaijaza seli kwa seli. Ila kila seli ni kitu kinachokaa kwenye kumbukumbu, na ukiwa na safu nane, umeunda vitu zaidi ya laki mbili kabla karani hajaandika herufi. Njia inayofaa ni QTableView na modeli unayoiandika mwenyewe kutoka QAbstractTableModel. Jedwali huiuliza modeli mistari inayoonekana kwenye skrini tu, labda ishirini na tano, na unapobonyeza mshale huuliza mingine. Utafutaji wenyewe tuliuacha kwa PostgreSQL, yenye faharasa ya jina na namba ya kipuri. Karani anapoandika "pad prob", kinachorudi ni mistari michache, na kinarudi kabla hajainua kidole.

Wa tatu ndio ninaouona ukiua programu nyingi za madukani, za maktaba yoyote ile. Kila kiolesura huendeshwa na mzunguko mmoja unaopokea matukio: kitufe kimebonyezwa, dirisha limesogezwa, herufi imeingia. Ukiweka kazi ndefu ndani ya mzunguko huo, dirisha linaganda. Kutuma ankara KRA ni kazi ndefu. Siku mtandao ukiwa mzito, programu inasimama, Windows inaandika juu kuwa haijibu, karani anabonyeza tena na tena, mwishowe anaizima kwa nguvu, na hakuna anayejua kama ankara ilikwenda au la. Sisi kaunta haitumi chochote. Mauzo yanaandikwa kwenye hifadhidata pamoja na hali yake, "inasubiri", na uzi wa pembeni, QThread, ndio unaoipeleka. Jibu likirudi, ishara inaarifu dirisha, namba ya ankara na msimbo wa QR vinachapishwa. KRA inatoa njia mbili za kuunganisha mfumo na mfumo: OSCU kwa aliye mtandaoni muda wote, na VSCU kwa anayetoa ankara nyingi au ambaye mtandao wake hukatika. Tulichukua VSCU. Taa ndogo kwenye pembe ya dirisha humwonyesha karani ankara ngapi bado zinasubiri, na hilo tu limepunguza wasiwasi kaunta kuliko maelezo yoyote.

Uchapishaji haukutegemea maktaba. Printa ya risiti inaelewa amri za ESC/POS zilizoanzishwa na Epson, na ile ya stoo ni ya zamani, inayogonga karatasi yenye kaboni. Ukiipelekea picha ya ukurasa, kama QPrinter inavyofanya, inagonga nukta kwa nukta na lori linasubiri nje. Ukiipelekea maandishi matupu, inamaliza mara moja. Electron, WinForms, Qt, zote zingetulazimisha kufanya hivyo hivyo.

Kufunga programu kwa ajili ya kusakinisha tulitumia PyInstaller, na hapa nashauri kwa nguvu: tumia folda, si faili moja. Ile ya faili moja hujifungua upya kwenye folda ya muda kila inapoanzishwa. Kwenye diski ya zamani karani atangoja, na antivirasi zina tabia ya kuishuku. Pia sakinisha PySide6_Essentials peke yake badala ya PySide6 nzima, la sivyo utabeba hata injini ya kivinjari usiyoitumia, na utakuwa umerudi kulekule tulikoikimbia Electron.

Baada ya kuhamia, vitufe vya F3 na F9 vinafanya kazi ileile vilivyofanya katika programu ya zamani. Mama wa kaunta ya pili alifundishwa kitu kimoja tu, F7 ya kuweka PIN ya KRA ya mnunuzi (namba yake ya kodi), na siku hiyohiyo akawa anawafundisha wengine.

Qt ina gharama zake pia. Folda ya programu ni nzito kuliko ambavyo WinForms ingekuwa, na kufunguka asubuhi kunachukua muda mrefu kidogo kuliko ambavyo Lazarus ingechukua, kwa kuwa Python lazima iamke kwanza. Kwa kuwa inafunguliwa saa mbili na kufungwa saa kumi na moja, tuliona gharama hiyo inavumilika. Kwa programu inayofunguliwa na kufungwa kila dakika, ningeamua vingine.

Kijana wa JavaScript hakuachwa nje. Mwenye duka alitaka kuona mauzo ya siku akiwa nyumbani, kwenye simu. Qt hufika kwenye simu, ila kwa ripoti ya kusoma tu hakuna sababu ya kwenda huko. Aliandika ukurasa wa wavuti unaosoma hifadhidata ileile, bila ruhusa ya kubadilisha chochote, na kwa kazi hiyo kivinjari kilikuwa chaguo letu la kwanza na la mwisho. Anachoshughulikia sasa ni kuonyesha kwenye ukurasa huo malipo ya M-Pesa yaliyoingia kwenye namba ya till ya duka kando ya ankara zake, ili mhasibu aone mara moja lipi limelipwa na lipi bado ni deni.